Picha bila kamera: jua, mwani na kijiko cha magadi

Picha yangu ya kwanza iliyokubali niliitengenezea Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, juu ya meza ya plastiki niliyoazima kwa jirani. Karatasi niliyoipaka dawa usiku ilikuwa na rangi ya embe linaloanza kuiva. Nikalaza tawi la mwani juu yake, nikaligandamiza kwa kioo cha fremu, nikavitoa vyote juani. Ilikuwa saa tano na robo asubuhi. Dakika ya kwanza haijaisha, pembe za karatasi zikaanza kuchafuka: kijani, buluu ya moshi, kisha kijivu cha jivu la mkaa. Dakika ya nane nikaondoa kioo na kuitumbukiza karatasi kwenye beseni. Maji yakageuka njano kama mchuzi wa bizari. Pale mwani ulipolala pakabaki peupe, kinundu kwa kinundu, na kandokando yake ikajitokeza buluu iliyokolea kuliko wino wa kalamu.

Bi mkubwa mmoja alikuwa akirudi kutoka kwenye shamba lake la mwani, kanga imelowa hadi magotini, furushi la kamba begani. Nikamwamkia, akaitikia, akainama juu ya beseni.

"Spinosum huu," akasema. Nilikuwa sijamtajia aina ya mwani. "Kotonii matawi yake manene. Umeupiga kwa kamera gani?"

"Sikuupiga, bi mkubwa. Ni karatasi na jua tu."

"Basi hili jua linajua mwani," akasema, akaenda zake.

Sijapata uhakiki mzuri kuliko huo. Mtu anayeujua mwani kwa vidole vyake ameutambua kwa kivuli chake. Miaka 180 na ushei iliyopita, mwanamke mmoja wa Kiingereza alianza kazi nzima kwa tumaini hilohilo. Anna Atkins alizaliwa Kent mwaka 1799, akakulia kwenye nyumba ya sayansi, na mapenzi yake yalikuwa mimea. Mwani ulimsumbua kwa sababu hauchoreki vizuri: matawi yake ni membamba kama nywele, na mchoraji akichoka hubuni. Mwaka 1842 mwanafalaki John Herschel, rafiki wa familia yao, alitangaza njia ya kutoa picha ya buluu kwa chumvi za chuma. Mwaka uliofuata Atkins akaanza kutoa, sehemu baada ya sehemu, kitabu cha mwani wa Uingereza, akakimaliza mwaka 1853. Kila ukurasa ni karatasi iliyopakwa dawa, ikawekwa mwani, ikaanikwa juani na kusuuzwa. Hata maneno aliyaandika kwa mkono na kuyachapa kwa jua vilevile. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza duniani kupambwa kwa picha za mwanga, na ndani yake hakuna hata moja iliyopita kwenye kamera. Alitia sahihi ya herufi mbili tu, A.A., na baadaye kuna aliyezisoma kama kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpenzi wa fani asiyejulikana.

Namtaja kwa sababu siku hizi ukisema "majaribio" katika sanaa, wengi husikia "tia chochote, tuone kitakachotoka". Mimi nilianza hivyohivyo, na kwa miezi kadhaa nilizalisha uchafu. Kilichonitoa huko ni kuelewa kwamba kamera, hasa ya simu, ni mashine ya kujibu maswali kabla hujaulizwa. Imeshaamua mwanga uwe kiasi gani, kivuli kiwe kikali au laini, ngozi yako ing'ae vipi, na imeamua kabla kidole chako hakijagusa kioo. Kufanya jaribio ni kulirudisha swali moja kati ya hayo mikononi mwako. Moja. Ukiyarudisha matano kwa mpigo hutajua ni lipi lililokuharibia, na vibaya zaidi, hutajua ni lipi lililokubariki.

Mwanga una kazi tatu

Fundo linalowasumbua zaidi vijana ninaowaelekeza siku za Jumamosi ni hili: wanadhani picha zote za mwanga hutokea kwa namna moja. Sivyo.

Chukua mkanda wa picha wa zamani, ule tuliokuwa tukiupeleka studio kusafishwa. Umejaa chembe za chumvi ya madini ya fedha. Shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, ikifunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, mwanga hubadilisha atomu chache tu ndani ya kila chembe. Ukiutazama mkanda wakati huo huoni kitu. Picha imo lakini imejificha. Dawa ya kusafishia ndiyo inayoikuta ile chembe yenye doa dogo na kuigeuza yote kuwa fedha nyeusi. Kwa hiyo mwanga umetoa amri tu, na dawa ndiyo iliyobeba mizigo. Ndiyo maana kamera inatosheka na 1/125 ya sekunde. Baada ya hapo inatakiwa dawa ya pili ya kuziondoa chembe zisizoguswa, maana zikibaki nazo zitakuja kuwa nyeusi. Dawa hiyo, ambayo mafundi wengi huiita "haipo" (kutoka Kiingereza, hypo), ilitokana na ugunduzi wa Herschel huyohuyo.

Ukishajua kwamba dawa ya kwanza kazi yake ni kutoa elektroni, mlango unafunguka. Mwaka 1995 mwalimu Scott Williams na darasa lake la kemia ya picha huko Rochester Institute of Technology, Marekani, walisafisha picha kwa kahawa ya kopo iliyochanganywa na soda ya kufulia. Baadaye watu wakaongeza vitamini C ili kazi iende haraka. Inafanya kazi kweli. Ila asikudanganye mtu kwamba chumba kitanukia kama mgahawa. Kinanuka vibaya sana.

Njia ya Herschel na Atkins, tuiite sayanotaipu, inatumia chuma badala ya fedha, na hapa mwanga haupati msaidizi. Kila chembe ya buluu unayoiona imejengwa na mwanga wenyewe. Ndiyo maana inachukua dakika nane badala ya kufumba na kufumbua, na ndiyo maana kitu chenyewe au negativu (picha iliyogeuzwa, weusi ukawa weupe) hulazwa moja kwa moja juu ya karatasi. Mwanga unaopenya lenzi ya kamera ni hafifu mno kwa ujenzi wa namna hiyo.

Kazi ya tatu ni kubomoa. Saga manjano, yaloweke kwenye spiriti, chuja, paka karatasi. Utapata njano inayong'aa. Weka jani la mpapai juu yake na uiache juani saa kadhaa. Jua litapausha kila mahali isipokuwa chini ya jani. Herschel alijaribu rangi za maua na majani kwa njia hii mwaka uleule wa 1842, na haikupata soko kwa sababu iliyo wazi: hakuna namna ya kulizuia jua lisiendelee kubomoa. Picha ya manjano hutazamwa jioni na kurudishwa kwenye bahasha. Lakini ina mchezo mmoja. Kila aliyewahi kudondosha mchuzi kwenye kanzu na kuikimbilia sabuni ya mche anajua kwamba doa la manjano hugeuka jekundu. Pulizia maji ya magadi juu ya ile picha na jani la mpapai litakuwa na rangi ya damu ya mzee.

Kutokana na hapo utaona kwa nini picha moja hutoka kinyume na nyingine sivyo. Mwanga ukijenga rangi, kivuli huwa cheupe, na mwani unatoka mweupe juu ya buluu. Mwanga ukibomoa, kivuli ndicho kinachobaki na rangi. Kwa hiyo ukitaka sura ya mtu kwa sayanotaipu unahitaji negativu. Igeuze picha kwenye simu, weusi uwe weupe, nenda stesheneri wakuchapie kwenye plastiki angavu. Mashine nyingi za stesheneri hazitoi weusi wa kutosha kulizuia jua, kwa hiyo chapisha nakala mbili uzipandanishe. Kwa manjano huhitaji kugeuza chochote.

Na ukishakuwa na negativu mbili mkononi, nani atakuzuia kupandanisha mbili tofauti? Pwani yetu haikusubiri kompyuta kwa hili. Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu aliyejifunza mwenyewe, alijulikana kwa picha zake za mauzauza. Studio yake iliunganisha picha mbili tatu kuwa moja, ikicheza na ukubwa wa vitu na mahali watu walipo. Wateja walijua kabisa kwamba wanatiwa kiini macho, na ndicho walichokilipia. Ukizitazama leo usitafute kosa la mkasi. Tazama jinsi alivyohakikisha mwanga wa vipande vyote unatoka upande mmoja.

Ndani ya buluu

Sasa tushuke kwenye dawa yenyewe, kwa sababu bila hiyo majaribio yanabaki kubahatisha.

Unahitaji chumvi mbili. Ya kwanza ni amonia feriki sitrati, unga wa kijani unaofyonza unyevu kama sukari guru. Ya pili ni potasiamu ferisianidi, fuwele nyekundu. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni gramu 25 za ile ya kwanza kwenye mililita 100 za maji, gramu 10 za ile ya pili kwenye mililita 100 nyingine, kila moja na chupa yake. Siku ya kazi unachanganya sawa kwa sawa, kidogo tu, unapaka kwa brashi pana na kuacha ikauke gizani. Giza lenyewe si la kutisha. Kinachoendesha kazi hii ni mionzi ya urujuanimno, ambayo balbu ya njano karibu haina. Mimi hupakia bafuni usiku.

Neno sianidi huwashtua watu. Katika chumvi hii sianidi imeshikwa na chuma mshiko ambao maji, ndimu au siki haviwezi kuuachanisha. Hatari huja ukiiunguza kwa moto mkali au ukiimwagia asidi kali, kama ile ya betri ya gari, kwa sababu hapo inaweza kutoa gesi yenye sumu. Basi usifanye hayo mawili, vaa glavu, na sufuria ya dawa isirudi jikoni.

Kinachotokea juani ni hiki. Chuma hukaa katika hali mbili: ama kimepoteza elektroni tatu, kikaitwa feriki, ama kimepoteza mbili tu, kikaitwa ferasi. Karatasi yako ina feriki. Mwanga ukiipiga sitrati iliyokishikilia, sitrati huachia elektroni, chuma kinaidaka na kuwa ferasi. Ferasi ikikutana na ferisianidi iliyo pembeni yake, zinaungana na kuwa kitu kisichoyeyuka kwenye maji, na kwa kuwa hakiyeyuki kinang'ang'ania nyuzi za karatasi. Hiyo ndiyo buluu ya Prussia. Penye kivuli hakuna kilichoungana, kwa hiyo maji yanazoa dawa yote na kuacha weupe. Kusuuza ndiko kusafisha kwenyewe. Maji ya bomba yanatosha.

Buluu hiyo ilikuwepo kabla ya picha. Ilipatikana Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, wakati mtengenezaji rangi aliyeitwa Diesbach alipokuwa akitafuta rangi nyekundu, na potashi aliyoitumia ilikuwa imechafuliwa. Nyekundu haikutoka, ikatoka buluu. Kisa hicho nakiheshimu kwa jambo moja: kuna aliyerudi nyuma na kutafuta uchafu ule ni upi. Ajali zilimpata kila mtu aliyepika rangi Ulaya, ila wengi wao walimwaga chungu na kuanza upya.

Ile rangi ya jivu iliyonishtua Jambiani nayo ina maelezo. Mwanga ukizidi, buluu yenyewe hudaka elektroni na kupoteza rangi. Usiiogope. Hewa inaichukua elektroni ile baadaye, na buluu inarudi na kuendelea kukolea kwa siku nzima. Asiye na subira hutia matone ya haidrojeni peroksaidi, ile ya duka la dawa, kwenye beseni la mwisho, akaona siku nzima ikipita ndani ya sekunde chache. Nimewaona watu wazima wakipiga kelele kama watoto kwa jambo hilo.

Namba 41

Baada ya picha ile ya kwanza nilitengeneza nyingine kumi na moja, zote zikatoka dhaifu. Jua lilelile, dawa ileile, karatasi ileile nene ya kuchorea. Nikailaumu dawa. Nikaongeza dakika, toka nane hadi kumi na tano. Bure. Zilikuwa nzuri zikiingia kwenye beseni na hafifu zikitoka.

Daftari ndilo lililoniokoa. Naliweka hapa lilivyo:

"Na. 41. Spinosum. Saa 5:20, jua kali, dk 9. Karatasi nimeikata katikati kabla ya kusuuza. Kushoto: maji ya chupa. Kulia: maji ya kisima. Kushoto buluu kamili. Kulia imepauka ndani ya dk 10. Ni MAJI."

Picha ya kwanza, nikikumbuka, niliisuuza kwa maji ya dumu niliyotoka nayo Dar. Zilizofuata nilichota kisimani. Visima vya huko vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa, na chokaa huyasogeza maji upande wa magadi. Buluu ya Prussia haina uvumilivu na kitu chochote cha upande huo: inavunjika polepole na kuacha kutu. Dawa yake ilikuwa mlangoni kwa muuza samaki. Ndimu moja iliyokamuliwa kwenye beseni la kwanza, na kisima kikawa rafiki. Na. 42 haina maelezo marefu. Nimeandika "ndimu" na alama tatu za mshangao.

Nusu mbili za Na. 41 zinathibitisha kitu ambacho picha kumi na moja hazikuweza kuthibitisha, kwa sababu zilipita pamoja kila mahali isipokuwa sehemu moja. Ukitaka kujua muda wa jua fanya vivyo hivyo: funika karatasi kwa kadibodi, ivute kidogo kila dakika mbili, na karatasi moja itakupa ngazi ya majibu matano au sita. Lakini andika na saa. Dakika nane za saa tano asubuhi si dakika nane za saa kumi jioni, na mawingu ya masika ni hesabu nyingine kabisa. Masika yenyewe, kusema kweli, mimi hupumzika. Karatasi haikauki, na dawa iliyolala na unyevu huanza kugeuka buluu yenyewe kabla haijaliona jua.

Begi lililorudi

Marikani ndicho kitambaa ninachokipenda kwa kazi hii. Jina lake limetokana na pamba iliyoletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, na hadi leo mama zetu huita hivyo pamba nyeupe isiyo na maua. Kwanza kichemshe ili wanga wote utoke, maana dawa ikikaa juu ya wanga itaondoka nao. Kisha kiloweke, kikamue, kianike gizani. Kitambaa hunywa dawa zaidi kuliko karatasi, na majani ya mwembe au mkia wa mkunga mkavu hutoka juu yake kwa ulaini ambao karatasi haina.

Nilishona mabegi machache, nikauza. Baada ya mwezi dada mmoja akanirudishia lake. Alikuwa amelifua kwa sabuni ya unga, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Buluu ilikuwa imetoweka. Mahali pake palikuwa na picha ya kahawia-njano, kama chai ya maziwa iliyomwagika kwa ufundi. Kosa lilikuwa langu, sikumwonya. Nikamrudishia pesa, nikabaki na begi.

Sabuni ya unga ina soda, soda ikaivunja buluu, kikabaki chuma chenye kutu kilichoshika nyuzi. Nililitazama begi siku mbili. Halafu nikakumbuka kwamba chuma na majani ya chai havipatani kimya kimya: kisu cha chuma kikilala ndani ya chai ya rangi, chai inageuka nyeusi, kwa sababu tanini ya chai hushikana na chuma. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa kanuni hiyo. Nikachemsha mkono mzima wa majani ya chai, nikaipoza, nikalitumbukiza begi. Baada ya nusu saa picha ikawa nyeusi yenye zambarau kwa mbali, imekolea kupita ilivyokuwa mwanzo.

Baadaye nikajua kwamba sikugundua kitu. Wachapaji wa sayanotaipu wamekuwa wakipausha kwa soda na kutia chai miaka mingi. Sikusikitika hata kidogo, kwa sababu sasa nilikuwa na usukani: kijiko cha magadi kwenye lita moja ya maji, hesabu hadi thelathini, suuza, kisha chai. Ukihesabu hadi kumi tu, sehemu hafifu zinapauka na zilizokolea zinabaki buluu, ukapata rangi mbili kwenye picha moja. Magadi ya kupikia maharage ni laini kuliko soda ya kufulia kwa sababu ni mchanganyiko wa kabonati na baikabonati. Ukiyakaanga kwenye karai kavu yanatoa mvuke na gesi, yanabaki kabonati tupu, na hapo huwa makali zaidi. Kwa picha mimi hutaka ule upole, kwa hiyo siyakaangi.

Mabegi ninayouza sasa yote yamepita kwenye chai. Yana kikaratasi kinachosema: maji baridi, sabuni ya mche isiyo kali, usiloweke. Hayarudi.

Mwani unaotembea

Filamu ni picha tuli zinazopita haraka, kila mtu anajua. Kisichofahamika sana ni kwamba mashine ya kuonyesha haijali picha hizo zimetoka wapi. Inakata chochote ulichoilisha katika vipande 24 kwa sekunde. Mwaka 1923 Man Ray, Mmarekani aliyeishi Paris, alinyunyizia chumvi na pilipili kwenye mkanda mbichi, akatawanya pini na misumari kwenye mwingine, akauwashia taa na kuusafisha. Msumari mmoja ulilala juu ya fremu kadhaa, kwa hiyo kwenye pazia haukuonekana kama msumari uliotulia. Ulirukaruka, kila fremu ikibeba kipande chake. Mwaka 1935 Len Lye, mzaliwa wa New Zealand, alichora rangi moja kwa moja kwenye mkanda kwa ajili ya tangazo la vifurushi la posta ya Uingereza. Na mwaka 1963 Mmarekani Stan Brakhage alibandika mabawa ya nondo, majani na maua kati ya tepu mbili angavu, akaupeleka mkanda huo maabara ukachapwe. Nondo walikuwa wamekufa kwenye taa zake. Ndani ya dakika chache hizo wanarukaruka tena, au tuseme mashine inawarusha.

Mkanda wa milimita 16 una fremu 40 kwa kila futi, yaani sekunde moja na theluthi mbili tu. Dar sina pa kuupata kwa bei ya mtu wa kawaida, kwa hiyo nilifanya kwa karatasi. Picha 12 kwa sekunde zinatosha kulidanganya jicho. Karatasi nane, kila moja vipande 12, jumla 96: sekunde nane. Nilipiga kila kipande kwa simu iliyofungwa kwenye kiti kilichopinduliwa, nikaziunganisha kwa programu ya bure.

Nilijaribu njia mbili. Kwanza niliweka tawi dogo katikati ya kila kipande, nikilisogeza kidogo kila mara. Likatembea, lakini kama mdoli. Kisha nikaulaza mwani mrefu juu ya karatasi nzima bila kujali mistari ya vipande, kama misumari ya Man Ray, na kukata baadaye. Hapo ukawaka. Hakuna tawi linalotambulika, ila kuna mtikisiko ule wa majini bamvua likiingia. Na kwa kuwa kila karatasi niliipaka kwa mkono, buluu ilipepesa: nzito, nyepesi, mkwaruzo wa brashi, nzito tena. Rafiki yangu mhariri alijitolea kuusawazisha mpepeso huo kwenye kompyuta. Tukafanya hivyo, tukaangalia matoleo mawili kwa pamoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema turudishe.

Zile karatasi nane za kwanza, kabla sijazikata, nilizitundika sebuleni mkabala na dirisha ili nizione. Kosa. Baada ya wiki kadhaa zilikuwa zimepauka kama kanga ya kila siku. Lakini sayanotaipu iliyopaushwa na jua si sawa na iliyopaushwa na magadi: hakuna kilichovunjika, buluu imepewa elektroni tu, na giza lenye hewa linapaswa kuzichukua. Kabla ya kuamini nikatoa moja, nikaikata katikati. Nusu ikabaki ukutani, nusu ikaingia kabatini ndani ya bahasha iliyo wazi. Baada ya wiki tatu nilizilaza pamoja mezani, na njia ya mkasi ilikuwa imegeuka mpaka wa rangi mbili. Nikaandika namba na tarehe, nikazibadilisha nafasi: ya kabatini ukutani, ya ukutani kabatini.